Kibuyu cha Bibi Yudita Nilichokiosha kwa Sabuni

Wadogo zangu mliochaguliwa,

Nimestaafu. Msicheke. Najua nina miaka kumi na tisa na mama bado ananituma dukani chumvi, lakini awamu yetu ya mradi imeisha. Nimerudisha kishikwambi, nimerudisha viatu vya mvua, nimesaini karatasi ya makabidhiano, na Jumatatu niliamka saa kumi na mbili asubuhi nikakaa kitandani sina pa kwenda. Kama huko si kustaafu, basi ni nini?

Kaka Nestory, mtaalamu wetu wa maabara, aliniomba niongee nanyi siku ya semina. Niongee! Mimi, ambaye darasani nilikuwa najua jibu na bado natazama dawati. Nilimwambia nitaandika, atawasomea yeye. Akifika hapa mtaniona nimekaa nyuma, nimeinama, natafuta kitu kwenye mkoba. Hakuna ninachotafuta.

Kazi yenyewe ni kujua ni vijidudu gani vinaishi na watu. Tumboni, mikononi, sakafuni, kwenye pipa la maji, kwenye mwiko, hata puani mwa mbuzi. Si vya magonjwa tu. Mimi nilikuja nikidhani bakteria ni adui, ndivyo nilivyokariri kidato cha pili. Kaka Nestory alinisahihisha siku ya kwanza. "Ni jamii," alisema. "Kuna wakulima, kuna wachuuzi, na wezi wawili watatu. Utachoma kijiji kizima kwa ajili ya wezi wawili?" Niliandika kwenye daftari nikaona nimeelewa. Nilikuwa sijaelewa, na hilo ndilo nimekuja kuwaambia, lakini ngojeni kwanza.

Ninyi mmepata raha. Mtapewa vichupa vyenye dawa ya kuhifadhi, jua liwake, mvua inyeshe, sampuli haiharibiki. Sisi miezi ya kwanza, kabla vichupa hivyo havijaja, tulibeba deli la barafu. Deli la bluu, sawasawa na la wauza aiskrimu wa Kasulu mjini. Ukishuka tu kwenye bodaboda, kabla hujajifuta vumbi, watoto wameshajipanga. "Dada, ya jero iko?" Kwa aibu yangu nilishindwa hata kusema haipo, nikawa natabasamu kama mjinga, nao wakawa wanangoja. Siku moja katoto kamoja kalichungulia kabla sijafunga mfuniko, kakaona vikopo vya choo vimepangwa vizuri. Kakageuka, kakawatangazia wenzake kwa furaha: "Ni za chokoleti!"

Na hilo neno, choo. Mtalisema mara mia kwa wiki, kwa hiyo lizoeeni. Mimi sikuweza. Kijiji kimoja upande wa Kibondo niliingia kwa mzee wa kanisa, mtu mzito, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Nikasalimia. Nikasalimia tena. Nikauliza habari za mvua, za mihogo, za mbuzi. Mzee akanitazama, akasema, "Binti, umeleta barua ya posa? Sema tu, tutaangalia." Nikamkabidhi karatasi ya maelezo asome mwenyewe. Hana miwani. Akamwita mjukuu wake wa darasa la nne, mtoto hodari kweli, akasoma kimyakimya hadi mwisho huku midomo ikicheza, kisha akafupisha kwa sauti ya mlingotini shuleni:

"Babu, huyu dada anataka mavi yako."

Kuku waliacha kudonoa. Mzee alifikiri kwanza.

"Yote?"

Nikamwonyesha kale kajiko kadogo kalikobandikwa ndani ya mfuniko. "Aa," alisema, akapumua kama mtu aliyesamehewa kodi. Kesho yake alinikabidhi kikopo kimefungwa kwenye kitambaa cheupe kilichodariziwa. Basi semeni mapema. Salamu mbili, kisha choo. Ukizunguka, utasemewa.

Andikeni jina la mtu kwenye kichupa kabla hakijajaa, si baadaye, maana baadaye vyote vinafanana. Na mkimwachia mtu vikopo, mweleze kila mmoja na chake. Kuna mama alijaza vitano kwa choo cha mtoto wake mmoja, yule mnene mwenye mashavu, kwa sababu hakutaka kuitia nyumba aibu kwa kupeleka choo cha wanaoumwaumwa. Majibu yalipotoka Kaka Nestory alishika kichwa. "Watu watano, tumbo moja. Nimegundua muujiza." Tukarudi tukaanza upya.

Haya. Sasa kibuyu.

Rungwe Mpya nilikuwa na kaya tisa, na niliyoipenda zaidi ni ya Bibi Yudita. Familia yake ilitoka Burundi yeye akiwa mtoto, sasa ni raia, vyeti vya uraia vimo kwenye nailoni juu ya kabati na kila mgeni anaonyeshwa. Bibi anaishi na mwanawe, ambaye muda mwingi yuko njiani na magunia ya maharage, na mkwe wake tunayemwita Mama Amosi, na wajukuu. Wana ng'ombe wawili. Na wana kibuyu.

Maziwa ya kibuyu hicho, wadogo zangu, yakiganda ni kama yamekatwa kwa kisu. Kinavyotunzwa ni hivi: hakioshwi kwa sabuni hata siku moja. Kinasuuzwa kwa maji kidogo, kinafukizwa moshi wa nyasi kavu, na kila mara maziwa ya zamani kidogo yanaachwa chini na shingoni. Hayo Bibi anayaita mbegu. Maziwa mapya yakitiwa juu ya mbegu, asubuhi ya pili yameganda. Kibuyu chenyewe kimepasuka na kubadilishwa mara nyingi, lakini mbegu inahamishwa kutoka cha zamani kwenda kipya. Mama yake Bibi ndiye aliyeivusha mto Malagarasi, akiwa na mtoto mgongoni na sufuria moja kichwani.

Haya yote nayajua sasa. Wakati ule sikuyajua, kwa sababu sikuuliza. Ziara ya kwanza nilichukua sampuli ya shingo ya kibuyu kwa kijiti cha pamba, na Bibi alikataa nisikishike. Alikishika mwenyewe, kifuani, kama mtoto anayechanjwa. Niliona. Nikaona haya kuuliza kwa nini. Nikajaza fomu, pamoja na lile swali refu la mwisho ambalo sote tulilichukia, la nani mwingine nje ya nyumba anatumia maziwa haya, nikaondoka.

Baada ya wiki tatu nikarudi. Bibi alikuwa kwenye sala ya jumuiya. Mama Amosi alikuwa ameinama nyuma ya nyumba anaosha vyombo. Ninyi ni watoto wa huku, sihitaji kuwaeleza. Binti aliyelelewa akimkuta mwanamke anaosha vyombo hasimami na mkoba wake kama afisa. Unaweka mkoba, unakunja mikono ya shati, unaingiza mikono kwenye beseni. Mama Amosi akakataa kidogo kwa heshima, nami nikang'ang'ania kidogo kwa heshima, ikaisha. Kisha wakamwita kutoka bombani, ndoo yake imefikiwa kwenye foleni. Akakimbia.

Nikabaki mimi na beseni. Na kibuyu kimeegemezwa ukutani, Bibi alikiacha kipate hewa kabla ya maziwa ya jioni. Nikakichukua, nikachungulia. Ndani kuna utando mweupe. Shingo inanuka moshi na uchachu. Nikaingiwa na huruma. Nikasema, maskini Bibi, macho yake siku hizi hayaoni. Nikatia sabuni ya unga, nikatia maji ya moto, nikaokota kokoto nne safi nikatia pia, nikatikisa kwa mikono miwili mpaka jasho. Nikasuuza mara tatu. Nikakiinamisha juu ya kichanja, kinang'aa. Mama Amosi aliporudi hakukitazama, alikuwa anawahi kupika, nami nikachukua sampuli zangu za sakafu nikaenda.

Siku hiyo kwenye daftari langu niliandika: "Leo nimemsaidia Bibi Yudita, hata hajui."

Mtu aliyelipwa kwa karibu mwaka mzima kuchunguza vijidudu. Daah.

Wiki iliyofuata, Alhamisi, nilipofika Bibi alikuwa mlangoni amekunja mikono.

"Bwakeye, Bibi."

"Ego, bwakeye. Kaa. Maziwa hakuna. Nyumba hii sasa tunakunywa chai ya rangi, kama wapangaji."

Mama Amosi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Maziwa yamepata nini, Bibi?"

"Muulize huyo. Mara tatu nimetia, mara tatu yameoza. Shingo inanuka sabuni. Mbegu ya mama yangu! Vita haikuiua, njaa haikuiua, imekuja kuuawa na sabuni ya unga."

"Mama, nilikwambia sikukigusa," Mama Amosi alisema taratibu.

"Ndiyo, ulinambia. Kilijiosha. Kilienda bombani kikaoga." Bibi akanigeukia. "Miaka tisa tangu aolewe namkataza asikiguse, maana mikono ya haraka naijua. Siku moja tu nimeenda kusali. Mwanangu anarudi Jumamosi. Aje achague: mimi au mwenye sabuni. Mmoja wetu atafungasha."

Mama Amosi aliinua macho, akanitazama, mara moja tu, akarudi kwenye maharage. Alikuwa anajua. Alijua siku zote.

Ningesema pale pale. Sikusema. Nawaandikia ukweli: nilipaka kijiti changu kwenye sakafu, nikakiweka kwenye kichupa, nikaandika jina, nikaaga. Mama Amosi akanisindikiza hadi barabarani.

"Dada, kwa nini hukusema ni mimi?" nilimuuliza, tayari nalia.

"Nikuseme vipi? Wewe ni mgeni. Mgeni akiachwa peke yake na vyombo, kosa ni la aliyemwacha."

"Na Jumamosi?"

"Ataongea, atachoka." Lakini pindo la kitenge alikuwa amelisokota mpaka limekuwa kamba.

Nilikwenda moja kwa moja kituo cha mradi, Kasulu. Kaka Nestory alisikiliza yote bila kunikatiza, akavua glavu.

"Yaani wewe, mwajiriwa wa vijidudu, umefua kijiji kizima."

"Ndiyo, kaka."

"Na kokoto."

"Ndiyo, kaka. Lakini ile sampuli ya ziara ya kwanza ipo. Si tunaweza kuirudisha kwenye kibuyu?"

Akatikisa kichwa. Akanieleza kitu ambacho nilikuwa nimekishika mikononi miezi mingi bila kukijua: ile dawa ya vichupani inahifadhi vinasaba, haihifadhi uhai. "Wote waliomo wamekufa. Tunayo orodha ya majina yao tu, kama ile inayosomwa kwenye misa ya marehemu." Kisha akachezea kalamu. "Lakini jamii haikai nyumba moja. Hayo maziwa nani mwingine anakunywa?"

Lile swali refu la mwisho. Nilifungua kishikwambi, vidole vinateleza kwa machozi, nikashuka mpaka chini kabisa. Nilikuwa nimeandika: *Mama Furaha, muuza chai, Nyarugusu. Hununua siku za soko.*

Nyarugusu ni kambi ya wakimbizi, na mradi ulikuwa na kaya humo pia, kwa hiyo kibali cha kuingia tulikuwa nacho. Ijumaa asubuhi nilimkuta Mama Furaha kwenye meza yake ya chai na maandazi, Mkongomani mnene mwenye kicheko kinachotangulia maneno. Nilianza salamu zangu ndefu, nikajikumbusha, nikasema yote kwa pumzi moja: kibuyu, sabuni, mkwe, Jumamosi. Akaacha kukoroga chai.

"Ule mumama wa Rungwe Mpya? Maziwa yake haina mfano! Sasa unalia juu ya nini? Hapa maziwa hatuyaliliake, tunayanywaka."

"Mama, yale uliyonunua yameisha?"

"Miye siimalizake yote. Ninabakizaka kidogo chini, ninaongezaka ya watu wengine juu, inakuya sawa ile yake. Ona."

Akavuta kutoka chini ya meza ndoo ya plastiki, ile ya rangi ya ukutani, imesuguliwa vizuri. Akafunua. Maziwa yameganda, yametulia, kama yamekatwa kwa kisu. Nilikaribia kuikumbatia ile ndoo.

Nilikuwa na chupa ya maji niliyoisuuza kwa maji yaliyochemshwa, bila sabuni, nawaapia. Akanijazia. Nilipofungua mkoba nilipe, akanipiga kofi mkononi. "Weye, acha! Mwambie ule mumama mimi ni muteja wake, siku akiongeza bei nitamukumbusha." Nikachukua pia kijiti kimoja cha sampuli kwa ajili ya Kaka Nestory. Miezi baadaye alinionyesha kwenye kompyuta ndoo ya Mama Furaha pembeni ya kibuyu cha ziara ya kwanza. Wale wakubwa walikuwa walewale, na humo katikati wageni wachache wa kambini, wameshapewa viwanja. "Unaona," alisema, "hakuna aliyefungasha." Lakini siku ile ya Ijumaa hatukuwa na kompyuta ya kutuambia. Palikuwa na ulimi wa Bibi tu.

Jumamosi nilipanda bodaboda na chupa ndani ya sweta. Dereva alinitazama kwenye kioo mara tatu, mwisho akauliza kama mtoto anapumua.

Niliwakuta wote sebuleni. Mwanawe Bibi amekaa na vumbi la safari bado, Bibi kwenye kiti chake, Mama Amosi kwenye mkeka karibu na mlango. Pembeni yake kulikuwa na begi. Sijui lilikuwa na nguo au halina. Sikutaka kujua.

Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi. Nikaikunja, nikairudisha mkobani.

"Kibuyu nilikiosha mimi," nilisema. "Kwa sabuni. Na maji ya moto. Na kokoto."

"Na kokoto!" Bibi alishika kifua. Mwanawe akakohoa akatazama dari. Najua kikohozi kile, ni cha mtu anayemeza kicheko.

"Mama Amosi hakuwepo, alikuwa bombani. Alijua ni mimi, akanificha kwa sababu ni mgeni."

Bibi aliniashiria nisogee. "Nani alikufundisha kuosha vya watu bila kuuliza?"

"Mama yangu, Bibi. Alisema ukikuta vyombo usisimame."

"Oya, hapana. Alikufundisha nusu. Nusu nyingine ni kuuliza." Akanyoosha mkono. "Hicho ndani ya sweta ni nini?"

Nikamweleza kuhusu Mama Furaha. Bibi akauliza maziwa yalikaa kwenye nini. Nikasema kwenye ndoo ya plastiki. Akafumba macho kama mtu aliyesikia msiba wa mbali. Lakini alifungua chupa. Akanusa. Akamimina kidogo kiganjani, akaonja. Nje mbuzi alikuwa analia, hakuna aliyemjali. Akaonja tena.

"Imejifunza Kikongo kidogo," alisema. "Lakini ni yenyewe."

Mwanawe akaachia kile kicheko chake chote. Mimi nilikaa chini pale pale, ukingoni mwa mkeka.

Wadogo zangu, Kaka Nestory alitaka hapa niandike mambo ya glavu. Vaeni glavu. Lakini kabla ya glavu ulizeni: hiki ni nini, kinatunzwaje, nani hukigusa, kwa nini. Mwenye nyumba ameishi na hao vijidudu miaka mingi kuliko mradi wowote, anajua wanachopenda kula. Mwenye aibu kama mimi, uliza ukiwa unatazama chini, si dhambi. Bora uulize umeinama kuliko utikise umesimama.

Bibi Yudita hakumwomba mkwe wake radhi. Wazee wetu mnawajua. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kibuyu, akasimama mbele ya mkeka.

"Mama Amosi. Kifukize."

"Mimi, mama?"

"Kwani naongea na nani? Mikono yangu inatetemeka leo."

Mimi nilikuwa nimekaa karibu kuliko wote, nikaiangalia ile mikono. Haikutetemeka hata kidogo.

Mama Amosi alipiga goti, akakipokea kwa mikono yote miwili, akaenda nacho jikoni. Baada ya muda tukaanza kusikia moshi umemzidi, anakohoa na kucheka peke yake, na Bibi akampazia sauti kutoka sebuleni, "Nyasi kidogo! Unafukiza kibuyu, huchomi mkaa!"